Mwaka Kakese Ilipojitenga

Mke wangu alipofariki, watoto walitaka nihame. Mkubwa anaishi Mwanza, mdogo yuko Dar es Salaam, na kila mmoja alisema ana chumba cha kunipa. Niliwajibu kwamba bado nafundisha na muda wa kustaafu haujafika. Hilo lilikuwa kweli, lakini sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Nyumba ya Kakese tuliijenga mimi na mama yao kwa matofali tuliyoyafyatua na kuyachoma wenyewe, na sikujua ningeishi vipi mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kumsikia akicheka.

Nikabaki. Kila asubuhi nilipanda pikipiki kwenda shuleni, Mpanda mjini, ambako nafundisha historia kidato cha tano na cha sita, na alasiri nikarudi. Jioni nilipika ugali wa mtu mmoja, kazi ambayo mpaka leo sijaielewa vizuri. Kila mara unazidi, wanaonufaika ni kuku wa jirani. Redio niliiwasha hata kama siisikilizi.

Vitu viwili vilinishika. Cha kwanza kilikuwa kanisa letu dogo la Kakese. Sisi tulikuwa mtaa tu, yaani tawi; usharika wenyewe, kanisa mama, uko mjini, kata ya Kashaulili, na mchungaji alikuwa wa huko, akija kwetu mara mojamoja kutoa meza ya Bwana. Jumapili nyingine zote tuliongozwa na mwinjilisti. Jengo letu lilikuwa la matofali mabichi upande mmoja na ya kuchoma upande mwingine, kwa sababu lilijengwa kwa awamu na kila awamu ilikuwa na uwezo wake. Jeneza la mke wangu liliwekwa mbele ya madhabahu ya kanisa hilo. Nilikuwa na benchi langu, la tatu kutoka mbele, mkono wa kulia, na kila nikikaa hapo nilihisi kama kuna mtu amekaa karibu yangu.

Cha pili kilikuwa rafiki yangu. Yeye ni Mbende wa hapahapa, mwenye duka la pembejeo karibu na soko la Kashaulili. Anauza mbegu, mbolea na dawa za kunyunyizia. Nilipokuja kutoka Ufipa nikiwa mwalimu kijana nisiyemjua mtu, yeye ndiye aliyenitafutia chumba cha kupanga. Baadaye akawa msimamizi wa ndoa yangu. Kwenye msiba wa mke wangu alilala mkekani pamoja na mimi mpaka waombolezaji wa mwisho walipoondoka, kisha akabaki tena, akisema duka litajiendesha lenyewe. Kila Jumamosi tulikunywa chai ya rangi na chapati kwenye hoteli ya mama mmoja nyuma ya soko. Alikuwa pia katibu wa baraza la wazee pale usharikani, na kazi hiyo aliipenda kuliko duka.

Mwaka juzi, kidato cha tano wakiwa wameripoti muda si mrefu, nilifika kwenye mada ya makoloni ya Uingereza kule Amerika na jinsi yalivyojitenga. Somo hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mambo yakikaza nageukia Kiswahili, na mada hii hukaza mapema. Wanafunzi wetu wameshazoea ukoloni wa aina moja: mgeni mweupe anamtawala mwenyeji mweusi. Sasa unawaambia kwamba hawa walioasi walikuwa Waingereza wenyewe, watoto na wajukuu wa Waingereza, wanaosali kwa Kiingereza na kumwombea mfalme yuleyule kila Jumapili. Wenyeji wa nchi ile walikuwa wamesukumwa pembeni na pande zote mbili. Darasa linakunja uso.

Niliwaeleza jinsi Uingereza ilivyopigana na Wafaransa vita ndefu, sehemu yake kwa ajili ya kuyalinda makoloni hayo, ikatoka na ushindi na madeni. Ikaona ni haki waliolindwa wachangie. Ikaweka ushuru kwenye karatasi, kwenye sukari, kwenye vioo, mwishowe ukabaki wa chai. Watu wa makoloni wakasema: sisi hatuna mtu hata mmoja kwenye bunge lenu, mnatutoza kwa idhini ya nani? Nikawaeleza usiku ule wa bandari ya Boston, watu walipojipaka masizi na kujifanya wenyeji, wakapanda melini na kumwaga makasha ya chai baharini.

Hapo binti mmoja wa safu ya nyuma aliuliza kama chai ile ilikuwa imepanda bei. Nikamwambia hapana, kwa kweli ilikuwa imeshuka. Hata ukiweka na ushuru, ilikuwa rahisi kuliko ile waliyozoea kununua kwa magendo.

"Sasa walikataa nini?" akauliza.

Nilimjibu kwamba walikataa kuamuliwa mambo yao. Kama wangeinywa ile chai kwa sababu ni rahisi, wangekuwa wamekubali kwamba bunge la mbali lina haki ya kuwatoza lolote. Akaandika kwenye daftari. Nilifurahi siku hiyo. Mwalimu hapati maswali ya namna hiyo kila wiki.

Jumapili iliyofuata mwinjilisti alisoma tangazo kutoka usharikani. Baraza la wazee limeamua kujenga ukumbi wa usharika mjini, na kila kaya ya kila mtaa itatoa gunia la mpunga kwenye sikukuu ya mavuno. Alisoma haraka, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Tangazo halikusema nani aliwakilisha Kakese kwenye kikao hicho, kwa sababu hakuna aliyetuwakilisha. Mzee wetu wa baraza alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kila tukiomba kuchagua mwingine tuliambiwa tusubiri.

Baada ya ibada watu hawakutawanyika. Walikaa kwenye kivuli cha ukuta wakazungumza, kwanza kwa sauti ya chini. Kiongozi wa kina mama kwetu alikuwa mjane wa Kisukuma, ambaye familia yake ilishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga wakati yeye ni mama kijana. Sisi sote, hata Wafipa na Wabende, tulimwita mayu, yaani mama kwa lugha yake. Ana mashamba ya mpunga upande wa Mwamkulu, na gunia moja kwake si kitu. Yeye ndiye aliyesimama.

"Gunia nitatoa hata leo," alisema. "Lakini ukumbi ni wa nani? Sisi tukitaka kufanya harusi tutatoka huku mpaka mjini? Na ni nani aliyetuuliza?"

Mtu akasema mwalimu yupo, mwalimu atuambie. Nikasimama. Nilikuwa bado nina somo la wiki ile kichwani, na niliwasimulia. Sikuwaambia wafanye chochote. Niliwasimulia tu habari za watu waliokuwa mbali na mama yao, walioletewa chai ya bei rahisi wakaikataa kwa sababu hawakuulizwa. Walisikiliza kwa makini kuliko darasa langu. Nilipofika kwenye makasha kumwagwa baharini, mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa.

Sikukuu ya mavuno ilipofika, mpunga ulikuja kanisani kama kila mwaka, pamoja na mahindi, kuku, maboga na mafuta ya mawese. Tukafanya mnada baada ya ibada kama kawaida. Lakini lori la usharika lilipofika kuchukua magunia, kina mama walikuwa wameshayafungia kwenye stoo ya mayu. Walimpa dereva maji na ugali kwa kuku, wakamwambia awasalimie waliomtuma.

Jumamosi ile nilimkuta rafiki yangu hotelini amekaa upande ambao siku zote nakaa mimi, mgongo ukutani. Chai yake ilikuwa haijaguswa. Tuliulizana hali. Kisha akaniambia kwamba pale usharikani watu wanasema Kakese kuna mwalimu anayefundisha uasi. Aliwabishia, alisema, lakini mwinjilisti ameeleza neno kwa neno: Wamarekani, chai, mfalme.

Nilimweleza ilivyokuwa. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisukuma kikombe pembeni.

"Mwalimu, mabati ya kanisa lenu yalitoka wapi?"

Nilijua yalikotoka. Upepo ulipoezua nyasi za kanisa letu miaka ile, usharika ulituletea mabati, na yeye mwenyewe alikaa juu ya mzigo kwenye lori.

"Mchungaji aliyewabatiza wanao, mshahara wake ulitoka wapi? Mlipokuwa hamna kitu hamkuuliza mmewakilishwa na nani. Leo mmevuna ndiyo mnajua kuuliza."

Nilimwambia kwamba anasema kweli, na kwamba mayu naye anasema kweli, na ndiyo shida yenyewe. Nikamwomba alete baraza likae nasi. Tupeni kiti kimoja tu kwenye baraza, nikasema, mpunga mtaupata wote. Alisema atajaribu. Tulimaliza chai tukizungumza mambo ya viwavi kwenye mahindi, lakini tulikuwa tunayapapasa maneno, na tulipoagana hakunisindikiza mpaka kwenye pikipiki kama alivyozoea.

Makoloni yale, hata baada ya damu kumwagika, yalimwandikia mfalme ombi la mwisho la amani. Walimwita mfalme mwema, wakamsihi aingilie kati. Mfalme alikataa hata kulipokea. Sehemu hii hufundishwa kwa sentensi moja. Mimi nilishaifundisha miaka mingi kwa sentensi moja.

Tulikwenda wanne: mayu, fundi seremala mmoja, mzee yule aliyecheka mpaka akakohoa, na mimi. Tulivaa vizuri. Mayu alibeba jogoo, kwa sababu kwao huendi kuomba suluhu mikono mitupu. Kikao cha baraza kilikuwa kinafanyika kwenye ofisi ya usharika, na tulikuwa tumetuma taarifa mapema. Tuliambiwa tusubiri kwenye benchi la nje. Tulisubiri. Tuliona chai ikiingia na vikombe vikitoka. Jua lilizunguka likatukuta pale chini ya paa, tukasogea, likatukuta tena. Yule jogoo alifungua mdomo kwa joto, mayu akamnywesha maji kwa kiganja.

Mwishowe alitoka rafiki yangu. Hakunitazama mimi, alimtazama fundi seremala. Alisema baraza limeona ni vigumu kuzungumza na mtaa ambao bado umeshikilia mali ya usharika. Mpunga uje kwanza, mazungumzo baadaye.

Mayu alimuuliza kwa upole, "Haya ni maneno yako, baba, au umetumwa?"

"Nimetumwa," alisema.

"Basi wewe huna kosa," mayu akamwambia, na akampa jogoo. Alimpokea, sijui kwa nini. Nafikiri hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Tulimwacha amesimama mlangoni amembeba.

Njiani kurudi Kakese nilijua kwamba mambo yameshaisha.

Walipiga kura Jumapili iliyofuata, kwa kusimama. Mwinjilisti alikuwa ameshaitwa mjini, kwa hiyo kikao kiliongozwa na mayu. Hoja ilikuwa moja: tutoke kwenye usharika huu, tuombe kupokelewa na kanisa jingine lenye nyimbo zilezile na ubatizo uleule. Wanaokubali wasimame. Kanisa zima lilisimama. Wazee wawili, mtu na mkewe, walibaki wameketi, na mimi nikabaki nimeketi kwenye benchi la tatu.

Watu waligeuka kunitazama. Hawakunizomea. Mtu mmoja nyuma alisema, kama anayejiuliza mwenyewe, "Mwalimu?"

Nimefikiri sana kwa nini sikusimama. Niliamini kwamba walikuwa na haki. Kama ningekuwa nafundisha darasani, ningewapa alama zote. Lakini nilipojaribu kunyanyuka niliona kwamba nikisimama ninaondoka mahali ambapo mke wangu aliniacha, na kwamba rafiki yangu atasikia nimesimama. Hiyo ndiyo sababu, na si sababu ya kumweleza mtu kwenye kikao.

Walitoka siku hiyohiyo. Walijenga banda la miti na nyasi upande wa pili wa barabara, karibu kabisa, kwa sababu kiwanja alichotoa mayu kilikuwa hapo. Jengo la zamani lilikuwa la usharika kwa hati. Rafiki yangu alinitumia ufunguo kwa bodaboda, na ujumbe wa simu usemao, "Tunza." Neno moja tu.

Nikatunza. Jumapili tulikuwa watatu: mimi na wale wazee wawili. Niliongoza ibada, nikasoma masomo, tukaimba. Sauti ya mzee ilikuwa imekwisha, ya mkewe nyembamba kama uzi, na yangu haijawahi kusifiwa. Ng'ambo ya barabara kwaya ilikuwa imenunua spika. Tulikuwa tukifuata kalenda ileile, kwa hiyo mara nyingi tulikuwa kwenye wimbo uleule, wao wakiwa ubeti mmoja mbele yetu. Tulijikuta tukiwafuata.

Usharika uliahidi kuleta mwinjilisti mwingine. Hakuja. Nilikwenda mjini kuuliza, nikaambiwa kwamba si rahisi kumtuma mtu kwa watu watatu. Nilivyotazamwa pale ofisini nilielewa jambo jingine: hawakuwa na uhakika na mimi. Kwao nilikuwa bado yule mwalimu wa chai. Na Kakese watu walinisalimia, shikamoo ziliendelea, lakini zilikuwa za kupita. Zamani kina mama wakirudi shambani waliniachia bilinganya au matembele mlangoni. Sasa mlango ulikuwa mtupu. Hakuna aliyenikosea kitu. Walikuwa na shughuli nyingi na kanisa lao jipya, na mimi sikuwamo kwenye shughuli hizo.

Mvua zilipoanza, yule mzee aliugua miguu, mwanawe akaja kumchukua pamoja na mama. Jumapili iliyofuata nilifungua kanisa, nikafagia popo walichoangusha, nikakaa kwenye benchi langu. Hakuja mtu. Nilifungua kitabu cha nyimbo lakini sikuweza kuanzisha. Ni vigumu kuanzisha wimbo peke yako, huna wa kumpa sauti. Ng'ambo walikuwa wanabatiza watoto, nilisikia vigelegele. Nilikaa mpaka walipomaliza, kisha nikafunga nikaenda nyumbani.

Wiki hiyo nilimalizia mada na kidato cha tano. Kwa kawaida baada ya vita na mkataba wa amani huwa naenda moja kwa moja kwenye katiba yao. Mwaka ule niliingiza kipindi ambacho hakimo kwenye mpango wa kazi. Niliwaeleza habari za watu wa makoloni ambao hawakutaka kujitenga. Si kwamba wote walimpenda mfalme. Wengine walikuwa wakilalamika kuhusu ushuru kama wenzao, lakini walishindwa kuvuka. Baadhi walipakwa lami na manyoya, mashamba yao yakachukuliwa. Maelfu walipanda meli kwenda Kanada, na wengine London, mji wa mama yao waliyemtetea, na wakagundua kwamba kule hakuna anayewajua, wala anayewahitaji.

Kijana mmoja, mtoto wa mkulima wa tumbaku, aliuliza kuhusu watumwa. Wao walikuwa upande gani?

Nilimwambia kwamba Waingereza waliwaahidi uhuru wale watakaowatoroka mabwana wao walioasi, na wengi walitoroka. Kwa hiyo kuna mtu mweusi aliyepigana dhidi ya uhuru wa Marekani kwa sababu alikuwa anatafuta uhuru wake. Vita ilipokwisha walipelekwa kwenye baridi kule Kanada, wakapewa ardhi ya mawe au wasipewe kabisa, na baadhi yao, miaka kadhaa baadaye, walivuka bahari mpaka Sierra Leone. Walirudi Afrika, lakini si nyumbani.

"Kwa hiyo mwalimu," akasema, "ukikaa upande ulioshindwa kwa sababu nzuri, unaandikwa vipi?"

Nilimwambia kwamba mara nyingi huandikwi. Kengele ikalia. Niliondoka darasani nikaenda kukaa chooni kwa walimu mpaka uso wangu utulie.

Walikuja kuchukua mabati katikati ya wiki, siku ambayo sikuwa na kipindi cha mchana. Nilisikia nyundo nikiwa jikoni. Nilipofika, mafundi wawili walikuwa tayari juu, na lori la usharika limeegeshwa chini. Rafiki yangu alikuwa amesimama kando ya lori, ameshika kofia. Tulikuwa hatujaonana tangu siku ya jogoo.

Nilimuuliza kwa nini hakunipigia. Alisema asingeweza kusema kwa simu. Alisema kuna mtaa mwingine, upande wa Mwamkulu, waaminifu, ambao wananyeshewa. Baraza limeamua kwamba jengo lisilo na watu haliwezi kuvaa mabati wakati watu wasio na jengo wapo.

"Mimi ni watu," nilimwambia.

Alinitazama hapo kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa yamezeeka kwa miezi ile michache. "Najua," alisema. "Niliwaambia. Walinicheka."

Watu wa Kakese walikuwa wameshatoka, wamejipanga upande wao wa barabara. Vijana walikuwa wameokota mawe. Mayu alipita mbele yao, mzito, kanga mabegani, akawaambia wakae chini, na wakakaa, hapohapo kwenye majani, kama watazamaji wa mpira. Mabati yalishuka moja moja yakilia, yakapangwa kwenye lori. Mwanga uliingia kanisani mahali ambapo haukuwahi kufika. Niliona madhabahu ilivyokuwa ndogo. Niliingia nikatoa benchi langu nje, nikalibeba mpaka nyumbani peke yangu, nikipumzika njiani. Nilipogeuka lori lilikuwa limeondoka.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Ukuta wa matofali mabichi ulikwenda wote. Wa kuchoma umesimama mpaka leo, na mbuzi wanaupenda.

Kwa Kakese mambo yalitengemaa. Kanisa lililowapokea liliwapa hadhi ya usharika, likawaletea mchungaji kijana mwenye mke na mtoto mchanga, na banda la nyasi likawa jengo kweli. Walifanya sherehe kubwa ya kuzindua. Ng'ombe walichinjwa, ngoma za Kisukuma zikapigwa nje na kwaya ikaimba ndani, na vumbi la wachezaji lilifika mpaka kwangu. Nilialikwa, kadi ilikuja. Nilikaa nyumbani nikisahihisha mitihani.

Alasiri mayu alikuja, bado amevaa sare za sherehe, na kibuyu cha maziwa mgando na nyama kwenye hotpoti. Alikaa kwenye benchi langu, ambalo sasa liko barazani. Alikula na mimi, kwa sababu alisema chakula cha mtu mmoja hakina baraka. Kisha akasema alichokuja kusema.

"Mwalimu, hatukukufukuza."

"Najua, mayu."

"Wewe ulituonyesha njia, halafu tukageuka hukuwepo. Watu waliumia. Sasa wamepoa. Njoo."

Nilimwambia si rahisi. Alisema anajua si rahisi. Yeye aliacha kaburi la mumewe Shinyanga na la mwanawe njiani, mahali ambapo hata jina lake halijui, kwa sababu ng'ombe walikuwa lazima waende. Hakulisema kwa kunishinda. Aliliweka tu pale kati yetu pamoja na kibuyu.

Nilikwenda, Jumapili ya tatu au ya nne baada ya hapo. Walinipokea vizuri, mchungaji kijana alinitaja kwa heshima kama mmoja wa waasisi, na watu wakapiga makofi. Nilitazama chini. Nyimbo ni zilezile, lakini mabenchi ni mapya, na sijapata mahali ambapo mwili unakwenda wenyewe. Watoto waliobatizwa ile siku nilipokuwa peke yangu sasa wanakimbia katikati ya ibada. Ninakwenda, si kila mara.

Rafiki yangu alifunga duka mwishoni mwa mwaka jana. Niliambiwa na mama wa hoteli. Nilipita pale nikakuta mlango una kufuli na bango la mtu mwingine anayekuja kuuza simu. Presha ilikuwa imemzidi, na binti yake alikuwa amemchukua kwenda Mbeya. Ukumbi wa usharika ulikwama kwenye msingi. Yeye alikuwa ameshatoka kwenye baraza kabla ya hapo, walisema, bila kueleza sababu.

Nilikaa na namba yake siku nyingi kabla ya kupiga. Aliitika mara moja. Sauti ilikuwa ya polepole, maneno mengine yanakwama. Aliuliza mvua zikoje, nikamwambia zimechelewa lakini zimekuja. Aliuliza mpunga, nikamwambia watu wameshapandikiza. Aliniambia Mbeya kuna baridi na kwamba binti yake ni mtu mzuri, lakini mchana kutwa wako kazini na yeye anabaki na televisheni.

"Huku sina wa kumjua," alisema.

Nilimwambia hata mimi. Alicheka kidogo. Nilitaka kumwuliza kama wale walio kwenye mtaa wa Mwamkulu sasa hawanyeshewi, wala si kwa ubaya wowote, lakini niliogopa angesikia ubaya. Yeye naye nadhani alikuwa na la kwake. Tuliendelea na viwavi, na bei ya mbolea, na nani amefariki. Siku hizi nampigia Jumamosi. Wakati mwingine simu inachukuliwa na mjukuu, anasema babu amelala.